Niliachwa na ndege huku naitazama ikitua: yaliyonikuta uwanja wa ndege wa Mtwara

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri wangu sidhani kama mko wengi.

Mimi ni mzee wa Mkunya, Newala. Mkulima wa korosho, nimesoma mpaka kidato cha nne cha enzi zile. Huwa nasoma tu nyuzi zenu na kupita kimya. Leo naandika, na nitakayoandika ni yaliyotokea kweli. Ningetunga, ningejitungia sehemu nzuri zaidi.

Nimeona mtu humu kauliza abiria ategemee nini akitumia kiwanja kidogo cha ndege cha mkoani kama kile chetu cha Mtwara. Majibu mengi ni mafupi: "fika mapema." Nataka kumwambia ndugu yangu kwamba mimi nilifika mapema sana, na ndege ikaniacha.

Kaeni vizuri.

Kwanza niseme nilikuwa naenda wapi, maana bila hilo mtacheka tu na kuondoka.

Nina dada yangu mmoja, mdogo wangu, anaitwa Somoe. Anaishi Dar es Salaam. Baba yetu alipofariki aliacha shamba la mikorosho na akasema mbele ya watu: upande wa juu wa kaka, upande wa bondeni wa Somoe. Mimi baada ya matanga nikaenda kwa wazee nikasema dada ameolewa mbali, hana haja na shamba, liandikwe lote kwa jina langu. Likaandikwa.

Somoe aliposikia hakugomba. Alinyamaza. Akanyamaza miaka kumi na tisa.

Wasiojua mila zetu za huku juu Newala niwaeleze kidogo. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa. Watoto wa dada yako wanakutegemea wewe. Sasa mimi mjomba ndiye niliyewachukulia watoto mikorosho ya mama yao. Sijitetei. Nilikuwa na tamaa, na nilikuwa na mdomo mzuri mbele ya wazee. Basi.

Mwaka jana, msimu wa korosho ukielekea mwisho, binti yangu Zainabu ambaye naye yuko Dar akanipigia. Akasema, "Baba, shangazi amekutwa na uvimbe tumboni. Anapasuliwa kesho kutwa asubuhi. Amesema anataka kusikia neno lako kabla hajaingia."

Nikamuuliza, "Neno gani?"

Akasema, "Baba, unalijua."

Kweli nilikuwa nalijua.

Basi gari la kwenda Dar linachukua siku nzima, na goti langu la kushoto halitaki tena habari hizo. Zainabu akanikatia tiketi ya ndege ya siku iliyofuata, saa sita na nusu mchana, kutoka Mtwara. Nifike mchana, nimwone Somoe jioni, asubuhi yake aingie chumba cha upasuaji.

Sasa ndugu zangu, mtu wa Mkunya akisafiri kwa ndege hasafiri peke yake. Kwanza unaaga. Nilizunguka kijiji kizima jioni ile, na kila niliyemuaga alinipa kifurushi cha mtoto wake aliyeko Dar. Huwezi kukataa. Ukikataa leo, kesho ukiwa na msiba utachimba kaburi mwenyewe. Mpaka naingia ndani nilikuwa na vifurushi tisa, vingine sijui hata vina nini.

Jirani yangu mmoja, mzee mwenzangu aliyewahi kupanda ndege zamani akiwa kazini, akaja kunipa darasa. Akasema, "Simu hairuhusiwi kwenye ndege. Inavuruga mitambo."

Nikaizima palepale. Niko Mkunya, ndege iko Dar es Salaam, mimi nimezima simu nisiivuruge.

Asubuhi baada ya swala tukaondoka. Shemeji yangu Hamisi, mdogo wa mke wangu, ndiye mwenye Noah, na ndiye aliyeendesha. Ndani tulikuwa mimi, mke wangu Mama Zainabu, shangazi zake wawili, na majirani wanne waliosema hawajawahi kuona ndege ikiwa imesimama. Vifurushi juu ya mapaja. Tandahimba tulisimama mara moja tu, kumuaga mtu mwingine, na tukaondoka na kifurushi cha kumi.

Saa nne kasorobo tuko uwanjani. Andikeni hapo: saa nne kasorobo kwa ndege ya saa sita na nusu. Kuna mtu humu amewahi kuwahi hivyo?

Kiwanja kidogo kina raha yake. Hakuna foleni ya magari, hakuna milango kumi ya kukuchanganya. Jengo moja, unaingia huku, unatokea kule kwenye ndege. Na jambo ambalo sikulijua kuwa ni mtego: ukisimama kwenye uzio unaona uwanja wote mpaka mwisho wa lami. Kama ndege haipo, unaona kwa macho yako kwamba haipo.

Nami niliona haipo. Lami tupu. Kunguru wawili.

Mlinzi wa getini, kijana mwenye adabu zake, akanisalimia. "Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Unasafiri leo?"

"Nasafiri. Ndege iko wapi?"

"Bado haijaja, babu. Kaunta itafunguliwa muda si mrefu. Ila ikifunguliwa wahi, maana inafungwa mapema. Usiende mbali."

Nikamwambia sawa. Na niwaambie ukweli, nilimsikia vizuri kabisa. Masikio yangu hayana tatizo. Tatizo ni kwamba maisha yangu yote nimesafiri kwa basi, na basi ambalo halijafika stendi haliwezi kukuacha. Ndivyo akili yangu ilivyopiga hesabu: ndege haijafika, kwa hiyo mimi sijachelewa. Hata ungeniletea mwalimu wangu wa hisabati asingenitoa hapo.

Nikawageukia watu wangu nikasema, "Jamani, twendeni tukanywe chai."

Ng'ambo ya barabara kuna mama anauza chai, chapati na supu. Tukajaa benchi zake zote. Nikageuza kiti changu kikatazama angani, nikajiteua kuwa mlinzi wa ndege. Kila baada ya muda Hamisi anaangalia saa yake.

"Shemeji, hatujachelewa?"

"Hamisi, unaiona ndege?"

"Siioni."

"Basi kula chapati."

Saa nne na nusu nikaona abiria wenye mabegi ya magurudumu wanaingia kwenye jengo. Nikawaambia wenzangu, "Watu wa mjini hawana subira, wanakwenda kukaa kwenye viti vigumu bure." Wale majirani wakacheka. Nikanogewa. Nikaanza kuwaeleza ndege inavyoruka, mimi ambaye sijapanda hata moja.

Saa tano na nusu mke wangu akasema, "Baba Zainabu, nenda hata ukaulize."

Nikamjibu kwa sauti ya kumdharau, na hili najutia mpaka leo kwa sababu kila mtu alisikia, "Mama Zainabu, haya mambo ya ndege niachie mimi."

Akaniachia.

Saa sita na dakika chache tukausikia mlio. Mama wa chai akasema, "Ile inakuja." Ikatokea upande wa baharini, ndogo, yenye mapanga mawili yanayozunguka, ikashuka taratibu ikagusa lami. Watu wangu wakasimama wote. Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Mimi nikamalizia supu yangu.

Nikainuka kama mtu mkubwa. Nikapeana mikono na kila mtu. Mama Zainabu akaomba dua, tukaitikia amina. Majirani wakabeba vifurushi, tukavuka barabara kwa msafara kama tunapeleka mahari.

Ndani ya jengo, kaunta ilikuwa tupu. Binti mmoja aliyevaa sare alikuwa anapanga karatasi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kupanda ndege ile."

Akaangalia saa, akaniangalia mimi, akaangalia msafara nyuma yangu. "Babu, pole sana. Kaunta imefungwa."

"Imefungwaje na ndege ndiyo kwanza inatua?"

"Ndege ikitua, babu, sisi kazi yetu tumeshamaliza. Wenzako wamepima mizigo, wamekaguliwa, wamekaa ndani. Karatasi ya abiria imeshapelekwa. Ile inashusha, inapakia, inaondoka."

"Mimi niko hapa tangu saa nne kasorobo!"

Mlinzi akaingilia, masikini, alitaka kunisaidia. "Ni kweli, nilimwona. Alikuwa pale ng'ambo anakunywa supu."

Binti akainamisha uso. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, na simlaumu.

Nikamwambia, "Mwanangu, dada yangu anapasuliwa kesho asubuhi. Niombee kwa dereva. Nitakaa popote."

"Babu, ndege haina popote. Kila mtu ana kiti chake."

"Nitasimama!"

"Hawasimami, babu."

"Basi nitakaa pale mbele kwenye boneti, karibu na dereva. Mimi mwembamba."

Wakuu, niliyasema haya mbele ya watu wenye akili timamu. Nilisema boneti. Huyo binti alikuwa na huruma, akapiga simu kwa mkubwa wake, akaongea, akaweka simu chini. Akasema haiwezekani, lakini kesho kuna ndege nyingine muda uleule na kuna nafasi, na tiketi inaweza kubadilishwa kwa kulipia nyongeza kidogo. Akasema nina bahati, maana si kila siku inakuwepo.

Kesho muda uleule, Somoe atakuwa ameshapasuliwa.

Tukatoka tukasimama kwenye uzio. Nikawaona abiria wanatembea kwa miguu kwenye lami, mmoja mmoja, wanapanda ngazi fupi. Mmoja wa wale wenye mabegi ya magurudumu niliowacheka alikuwa wa tatu. Mlango ukafungwa. Mapanga yakaanza kuzunguka.

Shangazi wa kigelegele akajifunika uso kwa kanga.

Mama Zainabu ndiye aliyesema. Hakunisuta, na angeweza. Alisema, "Baba Zainabu. Washa simu."

Nikaiwasha. Ikaanza kulia meseji kama mvua kwenye bati. Zainabu, Zainabu, Zainabu. "Baba kaunta imefunguliwa ingia." "Baba uko wapi." "Baba wamenipigia wanakutafuta." "Baba simu yako mbona imezimwa." Tiketi ilikatwa kwa namba yake, kwa hiyo uwanja ulikuwa unampigia yeye, naye ananipigia mimi, na mimi simu iko mfukoni imelala nisivuruge mitambo.

Nikampigia. Kabla sijamaliza kueleza akasema, "Niko na shangazi hapa wodini. Ongea naye mwenyewe."

Mimi simu naijua kwa spika tu. Kuibana sikioni sijazoea. Kwa hiyo ikatoka sauti ya Somoe, pale uzioni, wanasikia wote. Miaka kumi na tisa sijaisikia. Imekuwa sauti ya mama yetu.

"Kaka. Umefika?"

"Somoe. Ndege imeniacha."

"Imekuachaje?"

"Nilikuwa naingoja ije."

Halafu akasema, "Hebu sema uliloitiwa. Kesho sijui itakuwaje."

Na wakati uleule ndege ikageuka mwisho wa lami ikaanza kuunguruma kwa nguvu zote.

Nikasema, "Somoe, nilikosea."

"Nini? Sikusikii!"

"Nilikosea!"

"Kuna kelele, kaka! Umekosea nini?"

Nikavuta pumzi, nikapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikanisimama: "NILIKUDHULUMU SHAMBA! UPANDE WA BONDENI NI WAKO! NILIWADANGANYA WAZEE!"

Ndege ikapita mbele yetu, ikanyanyuka, ikaenda zake. Na ukimya ulioachwa na ndege, wakuu, ni mkubwa mno. Nilipogeuka, mlinzi ananitazama. Madereva wa bajaji wananitazama. Mama wa chai amevuka barabara na upawa mkononi, ananitazama. Wale majirani wanne kutoka Mkunya, ambao miaka yote nilikuwa nimewaambia kwamba dada yangu ndiye aliyekataa shamba, wananitazama.

Kwenye simu Somoe akasema, "Sasa nimesikia."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Jibu langu silitoi kwenye simu. Ulifuate huku."

Akamrudishia Zainabu simu.

Naona kuna mkuu ameshaniuliza hapo chini kabla sijamaliza, eti kwa nini nisingepiga simu tangu zamani badala ya kusubiri ndege. Mkuu, swali lako ni zuri. Simu nilikuwa nayo. Namba yake nilikuwa nayo. Nilikuwa najiambia jambo kubwa hili linataka uso kwa uso, nitakuja kwenda siku moja. Ilikuwa njia yangu ya kutokwenda.

Tuendelee.

Usiku ule tulilala kwa ndugu wa Hamisi pale Mtwara mjini. Noah ilirudi Newala na majirani, na habari zangu zilifika Mkunya kabla ya Noah.

Asubuhi ilikuwa ndefu. Somoe aliingia chumba cha upasuaji saa mbili. Saa mbili hiyohiyo mimi nilikuwa getini na Mama Zainabu, simu imewaka, nimeishika mkononi kama yai.

Mlinzi akanikuta pale. "Babu! Leo hata kaunta haijaamka."

"Nitaisubiri iamke."

Ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza, na nyuma yangu hakukuwa na mtu kwa muda mrefu sana. Binti wa jana ndiye aliyekuwepo. Akatabasamu. Akaomba kitambulisho, akalinganisha jina na tiketi herufi kwa herufi. Hapa sikilizeni: jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, si lile wanalokuita nyumbani. Mimi Zainabu aliandika sawasawa, lakini mzee mmoja nyuma yangu aliandikiwa jina la utani na alihangaika.

Kisha mizani. Vifurushi kumi vya watu, unga wangu wa muhogo, na korosho zangu nilizobangua debe zima ili nionekane nimekuja. Mizani ikasema hapana. Binti akasema ama nilipie ama nipunguze.

Kisha akauliza swali ambalo kila abiria wa kijijini lazima ajiandae nalo. "Babu, mizigo hii umefunga mwenyewe?"

Nilikuwa nimeapa sitadanganya tena mahali popote. Nikasema, "Hapana. Nimepewa tu. Kumi hivi sijui vina nini."

Basi wakaniambia nisogee pembeni, tukavifungua kimoja kimoja mezani. Makopa ya muhogo. Mbaazi. Kanga. Kisu cha kubangulia korosho, kikali, kimefungwa kwenye gazeti ndani ya begi la mkononi. Wakakiweka kando. Kisha chupa kubwa ya maji ya kunywa. Mkaguzi akafungua kizibo, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Babu, haya maji yana hasira."

Ilikuwa pombe ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Ya yule jirani yangu aliyenifundisha habari za simu, anampelekea mwanawe. Na mimi nimesimama pale na baraghashia na tasbihi.

Nikamwambia, "Mwanangu, andika kwamba si yangu."

Akasema, "Sihitaji kuandika, babu. Naiona sura yako."

Ikabaki palepale. Vifurushi vingine Mama Zainabu akavirudisha, akasema atajua namna ya kuwaeleza wenyewe. Debe langu la korosho nalo likarudi. Kilichobaki kilikuwa begi dogo la nguo na kifuko kimoja cha kitenge ambacho mke wangu alinipa mkononi mwisho kabisa.

"Hiki nilifunga mimi," akamwambia mkaguzi, "na najua kina nini. Korosho. Za upande wa bondeni."

Alikuwa amezitenga. Mimi sikuwahi kuzitenga, miaka yote nachanganya gunia moja. Yeye msimu ule alizitenga, bila kuniambia, kabla hata hatujasikia habari za uvimbe.

Nikakaa ndani kwenye viti vile vigumu. Wala si vigumu sana.

Saa sita kasoro Zainabu akapiga. Nilishindwa kubonyeza, kijana wa pembeni akanibonyezea. "Baba, ametoka. Yuko salama. Amelala." Abiria wote walisikia maana ni spika, na mama mmoja ambaye simjui akasema alhamdulillah kabla yangu.

Ndipo ndege ikatua, na safari hii niliitazama nikiwa upande sahihi wa kioo.

Safari yenyewe haina mengi. Unatembea kwenye lami kwa miguu, ushike kofia yako kwa sababu ya upepo. Ngazi ni fupi lakini nyembamba, mwenye goti apande polepole, watakusubiri. Simu unaizima ukishakaa kwenye kiti, mhudumu akishasema, si ukiwa Mkunya. Ukiwa dirishani unaona mapanga yanazunguka mpaka hayaonekani. Wakanipa maji na biskuti. Nilitaka kutazama chini nione mikorosho, nikaona mawingu. Muda wa kunywa chai mbili nikawa Dar.

Somoe nilimwona kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa. Amekonda. Kichwa kina mvi kunizidi. Nikasimama miguuni pa kitanda na kifuko cha kitenge mkononi, nimejipanga maneno tangu kwenye ndege.

"Shikamoo kaka," akasema.

Sikuona kama ninastahili marahaba. Nikaanza, "Somoe, mdogo wangu, nimekuja kusema—"

Akainua kiganja. Akasema polepole, macho makavu:

"Kaunta imefungwa, kaka."

Zainabu akatazama chini. Nikasema moyoni basi, ndiyo malipo yangu, nimeyastahili. Nikaweka kifuko kitandani nikageuka.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya ajabu, kama mtu anayekabwa. Nikageuka kwa hofu. Alikuwa anacheka. Amebana tumbo kwa mikono miwili, machozi yanatoka, "Uwii nyuzi zangu, uwii mnaniua." Nesi akaja mbio, akanigombeza mimi.

Alipotulia akanyoosha mkono kwenye kiti. "Kaa. Kaunta imefungwa lakini ndege bado ipo."

Nikakaa.

Akafungua kifuko, akatafuna korosho moja taratibu, na nesi akamkataza ya pili. "Za bondeni?"

"Za bondeni."

"Pale uzioni," akasema, "nilikusikia tangu mara ya kwanza."

"Sasa mbona ulinifanya nirudie mara mbili?"

"Nilitaka walio karibu nawe wasikie pia."

Halafu akanipa lile jibu nililolifuata. Akasema, "Nikishapona nitakuja Mkunya, utawaita wazee walewale waliobaki, na utasema kama ulivyosema pale uwanjani. Hapo ndipo nitajua nimekusamehe. Ila useme bila ndege, sauti ya kawaida."

Amekuja mwezi uliopita. Nimesema. Sauti ya kawaida ilinishinda zaidi kuliko ile ya kupiga kelele. Upande wa bondeni umeandikwa jina lake, na juzi ameanza kuupalilia pamoja na mwanawe wa kwanza, ambaye ananiita mjomba, bado kwa kusitasita.

Somo langu kwa mtakaotumia viwanja vidogo: kaunta ikifunguliwa, ingia. Usiangalie lami, angalia saa. Funga mzigo wako kwa mikono yako. Simu iache iwake. Na mtu akikwambia usiende mbali, hata supu ya ng'ambo ya barabara ni mbali.

Na kama kuna mtu anakudai neno, usikae umegeuza kiti unatazama angani. Mimi nilikaa miaka kumi na tisa na saa mbili.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuachwa na ndege anayoiona kwa macho aseme hapa, nisiwe peke yangu. Na wanaotaka kucheka wacheke. Mama Zainabu amekaa hapa pembeni anasoma ninavyoandika, anasema nimesahau kuandika kwamba ile supu nilirudia bakuli mara mbili.

Mara tatu.